Mtaa wa Bumu na Korosho

Kwa mtaa wetu mwaka hauanzi Januari. Unaanza mwishoni mwa Oktoba, bajaji zinapoingia na magodoro yamefungwa juu kwa kamba, ndoo zinaning'inia pembeni, na ndani kuna binti au kijana amekumbatia begi huku akiongea na dalali kwenye simu. Majuma hayohayo korosho inapigwa mnada. Basi fedha za namna mbili zinaingia mjini Mtwara kwa pamoja. Moja inatoka Newala, Tandahimba, Masasi na Nanyumbu, nyingine inatoka Bodi ya Mikopo ya wanafunzi, na zote zinaishia palepale: kwa mwenye nyumba, kwa muuza magodoro, kwa mama ntilie, kwa mwenye stesheneri.

Mimi ni karani wa ghala. Mchana nahesabu magunia ya korosho, jioni narudi kwenye nyumba ya vyumba tisa ambayo vyumba sita wanakaa wanafunzi. Jina la mtaa naliacha, maana mama mwenye nyumba ana wajukuu wanaomsomea kila kinachoandikwa mtandaoni. Tuseme tu kwamba ukitoka Soko Kuu kwa bodaboda hulipi zaidi ya elfu mbili, labda uwe mgeni na lafudhi yako ikusaliti.

Watu wa Dar wakisikia Mtwara wanafikiria gesi, korosho na safari ya kilomita zaidi ya mia tano. Hawafikirii vyuo. Lakini mji huu mdogo una Stella Maris, chuo kikuu kishiriki cha SAUT, yaani Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, kilichoanza 2009, una tawi la Taasisi ya Uhasibu, una kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma, una vyuo vya ualimu, vyuo vya afya na VETA. Hosteli hazitoshi watu wote hao, na hata zingetosha, kijana wa miaka ishirini na moja hataki kuulizwa na matroni amerudi saa ngapi. Anataka geto lake. Kwa hiyo wanamwagika mitaani kwetu.

Vyumba vyenyewe vingi havikujengwa kwa ajili yao. Wenye umri wangu wanakumbuka miaka ile ya 2011, 2012, gesi ya baharini ilipotangazwa na kila mwenye kiwanja akaanza kufyatua matofali. Kodi za nyumba zilipaa. Watu walijenga nyumba za wageni na vyumba masta vyenye choo ndani kwa ajili ya mainjinia ambao tuliambiwa wako njiani. Kisha ukaja ule mzozo wa bomba, watu wa huku wakipinga gesi kupelekwa Dar, Mei 2013 mji ukawaka moto, na Oktoba 2015 mitambo ya gesi ya Madimba na bomba la kwenda Dar es Salaam vikazinduliwa. Mainjinia walikuja wachache, wakakaa hotelini, wakaondoka. Vyumba vikabaki. Waliokuja kuvijaza ni wanafunzi wa stashahada ya uhasibu wanaogawana chumba watatu watatu. Mama mwenye nyumba wetu huwa anasema, "Tuliandaa pilau ya harusi, wakaja watu wa msibani," na hapo hapo anapokea kodi ya miezi sita taslimu kutoka kwa hao wa msibani.

Miezi sita. Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Mwanafunzi wa shahada anayepata mkopo hupewa fedha ya chakula na malazi, shilingi 10,000 kwa siku, iliyopandishwa kutoka 8,500 mwaka 2022. Haiji kila siku, inakuja kwa mikupuo, ndiyo bumu yenyewe. Siku bumu ikisoma kwenye simu unaijua bila kuambiwa: chipsi kuku zinaisha saa mbili usiku, na vijana ambao wiki iliyopita walikuwa wanakunywa uji wa mkopo wanaitana "bosi" barabarani. Ila si wote wenye bumu. Wengi wa hapa wanasoma astashahada na stashahada, na mikopo ya stashahada ilipoanza mwaka 2023 ililenga kozi chache za kipaumbele. Mtoto anayesomea utunzaji wa kumbukumbu au ununuzi analipiwa na baba yake, na baba yake kama ni wa huku kwetu anategemea mkorosho.

Mkulima anapeleka korosho chama cha msingi, chama kinapeleka ghalani, mnada unapigwa, wanunuzi wanalipa, hela inapita chama kikuu, inashuka hadi akaunti ya mkulima. Mfumo huu wa stakabadhi ghalani tuko nao tangu msimu wa 2007/08 na mimi ndio unaonipa ugali, sina ugomvi nao. Lakini hauendi na kalenda ya chuo. Chuo kinafunguliwa, dalali anataka mwezi wake mmoja, mwenye nyumba anataka miezi sita, na korosho ya baba ndiyo kwanza iko kwenye gunia inasubiri mnada wa tatu. Mwaka 2018, Serikali ilipoamua mwezi Novemba kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo na malipo yakawa yanatoka baada ya uhakiki, nyumba yetu ilikuwa na vijana wawili wa Tandahimba waliokuwa wakilala zamu kwa marafiki hadi baada ya mwaka mpya. Walikuwa wanabebwa, kama wanavyosema wenyewe. Oktoba 2024 bei ilipopita 4,000 kwenye mnada wa kwanza, dada mmoja wa chumba cha mwisho alilipa mwaka mzima, akanunua na jiko la gesi la plati mbili. Hakuna aliyemuuliza hela imetoka wapi. Tuliisikia bei wote, redioni.

Sasa niseme jambo ambalo majirani zangu wenye nyumba hawatalipenda. Mtaa huu umezoea mno kwamba mwanafunzi ataondoka. Kila kibaya tunachomfanyia kinakaa juu ya hilo. Akilalamika mwaka wa kwanza, tunamwambia avumilie. Mwaka wa pili anajua kinachoendelea. Mwaka wa tatu ana ushahidi. Halafu anahitimu, anapanda basi alfajiri, na anayekuja baada yake anaanzia sifuri.

Mfano wa LUKU, umeme wa kulipia kabla. Nyumba yetu ina mita moja. Mita ikianza kulia, mtu anaandika kwenye kundi la WhatsApp la wapangaji: "Inalia." Kimya. Mwingine anaandika: "Jamani inalia." Kimya tena, na unajua wote wamesoma. Umeme ukikatika ndipo milango inafunguka na kila mtu anajitokeza ukumbini kama shahidi wa ajali. Nani kachangia, nani hajachangia, nani ana hita. Hita ndiyo kesi kubwa. Hita ya koili ya kuchemshia maji ni marufuku nyumbani kwetu, imeandikwa kwa mkaa ukutani uwani, na kila chumba kina yake chini ya kitanda.

Bei ya umeme majumbani ina ngazi. Anayetumia chini ya uniti 75 kwa mwezi analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Akizidi, anahamishiwa daraja la 292. Nyumba ya vyumba tisa haiwezi kubaki chini ya uniti 75 hata tukikaa gizani na kuomba dua. Kwa hiyo kila mmoja wetu ni mtumiaji mdogo anayelipa kama mkubwa, kwa sababu tu tunachangia mita. Juu yake kuna kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 inakatwa humohumo kwenye LUKU, ilianza shilingi elfu moja kwa mwezi, sasa elfu moja na mia tano. Kisheria ni kodi ya mwenye jengo. Mita haimjui mwenye jengo, inamjua aliyenunua uniti, na aliyenunua ni mtoto wa watu kutoka Kasulu.

Alikuwepo kijana mmoja chumba cha nne, mwaka wa pili uhasibu, mtulivu, wa kuvaa kandambili na soksi. Alichoka na ugomvi wa hita. Akachukua daftari, akapita kila chumba kuandika vifaa na wati zake: pasi, feni, taa, sabufa, kompyuta mpakato, jokofu langu dogo. Akaweka saa za matumizi, akazidisha, akajumlisha. Hesabu ikagoma. Kwa alichoandika tulipaswa kutumia kama nusu ya tulichokuwa tunanunua. Sabufa iliyolalamikiwa na kila mtu ilikuwa haifikishi hata nusu uniti kwa siku. Hita zote kwa pamoja hazikuziba pengo. Akaendelea kufuatilia waya, chumba kwa chumba, mpaka akafika kwenye banda la mbele ambapo mama mwenye nyumba ana friza kubwa la kuuzia barafu na ayiskrimu za ukwaju. Friza lilikuwa kwenye mita yetu. Usiku na mchana, mwaka mzima, sisi ndio tulikuwa tunaganda ukwaju.

Alikwenda kwa adabu, akamwamkia, akamweleza. Nilikuwa nimekaa ukumbini nafunga kamba za viatu, nikachelewa makusudi. Mama alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia, "Mwanangu, baba yako kakuleta kusoma au kunikagua mimi?" Kisha akampa ayiskrimu. Mazungumzo yakaishia hapo. Kijana alihitimu mwaka uliofuata, na daftari lake aliniachia. Friza lipo palepale linaunguruma.

Kelele, watu ndiyo huwa wanaitaja kwanza wakisikia unakaa na wanafunzi, na ukweli zipo. Ijumaa ya bumu huwezi kusikia taarifa ya habari. Sabufa tatu, singeli tatu tofauti, na ukuta wa chumba changu unatetemeka mpaka picha ya harusi inakaa upande. Lakini mtaa unaolalamikia sabufa ndio huohuo unaoweka ngoma ya unyago Juni na Julai, ngoma za kukesha kabisa, vigelegele hadi adhana ya alfajiri, na wanafunzi wakati huo ndio wako kwenye mitihani. Sijawahi kusikia mtu akiomba ngoma ipunguzwe kwa sababu ya mtihani wa takwimu. Wala sisemi ipunguzwe, binti zangu nao watachezwa. Nasema tu sabufa inazimwa ukigonga mlango. Ngoma haina mlango wa kugonga.

Kwenye chakula tunakutana vizuri zaidi. Mama ntilie wa kona yetu ana daftari la madeni lenye majina ambayo hakuna kitambulisho kinayatambua: Mwaka wa Kwanza Mrefu, Dada Miwani, Yule wa Bukoba. Wa Bukoba kwa miezi miwili alitafuta ndizi za kupika Mtwara nzima, akipata anaona bei anarudi na wali maharage. Ugali wa muhogo ulimshinda. Ming'oko, viazi vyembamba vya porini, aliiona kwa mara ya kwanza stendi, akadhani ni mizizi ya dawa. Ilichemshwa, akapewa na chumvi yenye pilipili, akala mmoja kwa heshima, na kufika Desemba alikuwa anagombania mafungu na watoto wa mtaa. Mabibo nayo, matunda ya mkorosho, yakaja, akajifunza kwamba utomvu wake ukidondoka kwenye shati jeupe la prezentesheni hautoki. Uraka, pombe ya mabibo, sijui kama alijifunza. Nadhani alijifunza.

Mama ntilie yule ni mtu pekee mtaani ambaye anajua kalenda ya vyuo vyote. Anajua lini tesiti, lini bumu, lini likizo, lini wanakwenda fildi, mafunzo kwa vitendo. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ya Dar kukatika Somanga, vitu vilipanda bei hadi mchele wa kupima kwa kikombe. Alipunguza ukubwa wa bakuli, hakupandisha bei. Nilimuuliza kwa nini. Akasema bei ikishapanda mwanafunzi anakwenda kupika geto, na akishanunua sufuria harudi. Wanaofundisha biashara vyuoni wangempitia siku moja.

Kuna kitu kimoja hakuna anayekuonya juu yake unapohamia mtaa wa namna hii: majirani hawazeeki. Nilipopanga hapa nilikuwa sijaoa, wanafunzi waliniita braza, tulitazama mpira pamoja kibanda umiza, tukakopeshana nauli. Wakaondoka, wakaja wengine wa umri uleule. Nikawa kaka mkubwa. Wakaondoka hao. Sasa hivi kuna binti chumba cha pili ananiamkia "shikamoo baba" kila asubuhi kwa sauti ya kunipa miaka sitini, na mke wangu anacheka mpaka anakaa chini. Wao wana ishirini na moja daima. Simu zinabadilika, mitindo ya nywele inabadilika, umri unabaki.

Kwa watoto wangu imekuwa neema. Binti yangu mkubwa amejifunza sehemu na asilimia uwani, kwa wanafunzi watatu tofauti wa chuo cha ualimu waliopokezana bila kujuana. Hisabati yake iko vizuri kuliko yangu. Anajua pia lugha zote za chuo. Juzi aliambiwa arudie jaribio la sayansi, akarudi nyumbani akanitangazia kwamba amepata sapu lakini hajadisko, yaani hajafukuzwa. Yuko darasa la tano.

Lakini nirudi kwenye neno langu, kwamba tunawahesabu kama watu wa kupita. Serikali ya mtaa haiwajui. Mwanafunzi akihitaji barua ya utambulisho, mwenyekiti anamwangalia kama ndiyo kwanza ametoka melini. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024, na uandikishaji wa wapiga kura ulikuwa Oktoba 11 hadi 20. Wengi wa wapangaji wa nyumba yetu walishuka stendi daftari limekwishafungwa. Siku ya kura walifua nguo. Sasa piga picha: katika nyumba yetu wakazi walio wengi ndio wanaolipia taka, ndio wanaonunua uniti, ndio wanaotembea kwenye kichochoro kisicho na taa saa tano usiku wakitoka kujisomea, na hawana mtu wa kumwambia. Taa ya kichochoro hicho iliahidiwa na wagombea wote. Kwa kuwa walioihitaji hawakupiga kura, mimi sishangai kwamba bado haipo.

Na hasara haiwabakii wao tu. Bei ya chumba mtaani inapangwa kwa kumtazama mwanafunzi, kwa kuwa watatu wakigawana wanaweza kulipa ambacho mwalimu mwenye familia hawezi. Rafiki yangu wa kazini alitafuta vyumba viwili na sebule huku kwetu mwezi mzima. Kila nyumba aliambiwa wanapendelea wanafunzi. Kwa nini? Hawana watoto wa kuchora ukuta, wanalipa kwa mkupuo, na wakikosana na mwenye nyumba wanahama kimyakimya. Amepata Naliendele, nje kidogo ya mji, anakuja kazini kwa daladala.

Halafu inafika Agosti. Wameondoka wote, wengine kwao, wengine fildi halmashauri za mbali. Mtaa unakuwa mpana. Bodaboda wanalala juu ya pikipiki zao. Stesheneri inafunguliwa saa nne inafungwa saa nane. Mama ntilie anarudi kupika kwa sufuria ndogo, na anafungua daftari kuangalia nani kaondoka na shilingi ngapi. Wenye nyumba, ambao miezi kumi walisema wanafunzi ni mzigo, ndio wanaokaa barazani wakihesabu siku za Oktoba. Mwanafunzi naye huko aliko bado analipia chumba ambacho hakilali mtu, kwa sababu mkataba ni miezi sita kwa sita, na asipolipia atakuta kitanda chake uwani.

Nimependekeza mara kadhaa kodi ya miezi tisa. Miezi ya likizo chumba kinafungwa, vitu vinabaki, analipa kidogo tu ya ulinzi. Mama mwenye nyumba ananiambia mimi ni karani wa korosho, niendelee na korosho. Sawa. Msimu uliopita nyumba ya pili kutoka kwetu, ya mzee mmoja mstaafu wa bandari, ilianza utaratibu huo, na kila chumba kina mita yake ndogo mlangoni. Vyumba vyote vilishikwa Septemba, kabla hata dalali hajapita, na wawili kati ya walioshika walikuwa wapangaji wetu. Tangu hapo mama mwenye nyumba amekuwa akipita pale jioni jioni. Anasema anamtafuta kuku wake.